Kabla Kijiko Hakijagonga

Namkunda alikuja kung'olewa meno akiwa amevaa gauni lake la sendofu, lile aliloagwa nalo kwao kabla ya harusi. Wanawake wengine huja na khanga kuukuu, maana damu ya kinywa ni nyingi na haitoki kwenye nguo kirahisi. Yeye alisema siku ya kuagana na kitu unachokipenda huvai matambara. Mgongoni alikuwa amembeba Mbonea, mwanawe wa miezi mitano, na nyuma yake walikuja wanawake wa mtaa, vibogoyo watupu, wakimsindikiza kwa wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa mwingi wa kuvumisha kuliko maneno, kwa sababu waimbaji hawakuwa na kitu cha kuyakatia maneno.

Mumewe Kadeghe alibaki nje ya ua wa kliniki, kitambaa kimefungwa mdomoni kama sheria itakavyo. Mwanaume mwenye meno haruhusiwi kumkaribia mtoto mpaka afikishe miaka mitatu. Alipunga mkono, na hakuna aliyempungia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mshushe mtoto nimwone."

Tabibu Nakijwa, mwenye meno pekee aliyeruhusiwa kumgusa mtoto kwa ajili ya kazi yake, alikaza kitambaa chake mdomoni, akanawa mikono mpaka viwiko, kisha akapitisha kidole juu ya ufizi wa mjukuu wake. Ufizi ulikuwa umevimba na una moto. Mtoto akakiuma kile kidole kwa nguvu zake zote, na ikawa ni kama kuumwa na mkate. Hapakuwa na ncha.

"Bado," alisema. "Lakini ni leo au kesho. Umechelewa sana kuja."

"Nilikuwa nayaaga," Namkunda alisema, akacheka.

Alipocheka, mwanya wake ukaonekana. Mwanya huo aliurithi kwa mama yake, na ndio uliomfanya Kadeghe auze ng'ombe wawili bila kuulizwa. Wanawake waliokuwa mlangoni waliutazama, wakakatiza wimbo. Kila mmoja wao aliwahi kuwa na tabasamu lake.

Ukutani, juu ya kiti cha kung'olea, yalikuwa yameandikwa kwa rangi nyeusi maneno ambayo kila mtoto wa mlima wa Kisangeni huyajua kabla hajajua kusoma: KABLA KIJIKO HAKIJAGONGA. Jino la kwanza la mtoto halionekani upesi. Mama hulisikia kwanza, siku ile anapomlisha uji na kijiko kikagonga kitu kigumu mdomoni. Sheria inasema siku hiyo isimkute mama na jino hata moja. Anayekataa, mtoto wake huchukuliwa akalelewa na vibogoyo wa Nyumba ya Fizi, na yeye humtazama kupitia kioo. Watoto wa kioo huwasahau mama zao haraka. Nakijwa alishawahi kumwona mmoja akimlilia mlezi huku mama yake mzazi akigonga kioo kwa kiganja.

"Keti," alisema.

* * *

Ganzi inayoletwa na serikali hutosha meno ya juu tu. Ya chini mtu huvumilia. Nakijwa alimdunga binti yake juu, kisha akafungua kabati, akatoa chupa ya pili, akamdunga na chini pia.

"Hiyo ni ya nani?" Namkunda aliuliza.

"Yako."

"Mama. Ni ya nani?"

"Ya Nankondo, wa kesho. Ndiyo ya mwisho mpaka gari lije. Nyamaza ikushike."

Basi wakasubiri. Mbonea alilala juu ya meza ya mizani. Wanawake wakakaa nje kwenye nyasi, na mmoja wao akawa anakwangua ndani ya kibuyu kidogo, akikitayarisha. Huko Kisangeni meno ya mama hayatupwi. Hutiwa kwenye kibuyu, kikazibwa kwa nta, akapewa mtoto kiwe kayamba yake. Mtoto akilia anatikisiwa meno ya mama yake, naye hunyamaza akacheka. Waliobuni desturi hiyo walidhani wanawafariji kina mama.

Hayo yote yaliletwa na uvivu, na uvivu wenyewe ulivaa koti jeupe la maabara. Zamani za bibi yake Nakijwa, watu walipiga mswaki asubuhi na usiku, wengine kwa kijiti, wengine kwa brashi, wakinung'unika. Ndipo wataalamu wakaleta Mlinzi. Alikuwa kijidudu cha kutengenezwa, kinachopakwa kwenye meno ya mtoto mara moja tu. Hujenga makazi juu ya jino, humfukuza kijidudu cha asili kile kinachokula sukari na kutema asidi, na yeye hatemi asidi. Tena wakampa ukinzani wa kila dawa ya kusukutua na kila kidonge, asije akafutwa kwa bahati mbaya. Akili nyingi huondoa maarifa. Mlima mzima ulisherehekea. Miswaki ilichomwa uwanjani, watoto wakalala na peremende mashavuni, na baada ya muda mtu aliyeonekana akisugua meno alihesabiwa kuwa mgonjwa ambaye Mlinzi wake amekufa. Hakupata mchumba.

Kilichosahaulika ni ukoga. Chakula kiliendelea kuganda, ukoga ukawa mnene juu ya meno ya watu wasiosugua, na chini ya ukoga huo, mahali pasipofika hewa wala mate, Mlinzi alijifunza kazi ya yule aliyemfukuza. Akaanza kutema asidi. Meno ya watoto wa miaka miwili yakawa meusi, yakaoza mpaka kwenye mizizi, na kutoka mizizini usaha ukaingia kwenye damu na kwenda kukaa moyoni. Dawa hazikumgusa, maana ndivyo alivyoumbwa. Waliozikwa katika miaka ile ya kwanza wana makaburi mafupi, na yapo hata kando ya barabara.

Mlinzi alikuwa na udhaifu mmoja tu: hawezi kuishi pasipo jino. Ulimi haumfai, ufizi haumfai. Mtoto ambaye hajaota meno hana Mlinzi, kibogoyo hana Mlinzi. Huvuka kwa mate, kutoka kwa mwenye meno hadi kwa mtoto anayeanza kuota. Kwa hiyo Baraza likaona heri kumng'oa mama. Sheria ilipokuja Namkunda alikuwa ameshapita miaka mitatu, ndiyo maana Nakijwa alibaki na meno yake.

Namkunda aligusa midomo yake iliyoanza kufa ganzi. Macho yake yalikuwa juu ya makoleo yaliyopangwa kwenye sinia. Aliyajua yote kwa majina. Alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa akiyachemsha, na mara nyingine alimshikia mama yake taa.

"Mama," alisema taratibu, "hakuna njia nyingine?"

Ndani ya mkoba wa Nakijwa, chini ya pamba, kilikuwamo kijiti cha msuaki kutoka nyika ya Mkomazi, ncha yake imetafunwa ikawa laini kama brashi.

Alianza kwa udadisi. Alikuwa amesoma katika vitabu vya zamani kwamba ukoga ukiondolewa kila siku jino halitoboki, awepo kijidudu gani. Hakuamini, akajipima mwenyewe. Mwaka mzima alisugua upande wa kulia peke yake, asubuhi na kabla ya kulala, nje, ndani na nyuma ya magego, na upande wa kushoto akauacha kama watu wote wanavyoacha. Mwaka ulipokwisha, magego mawili ya kushoto yalikuwa yametoboka. Ya kulia yalikuwa mazima. Akachukua mate ya pande zote mbili akayaweka chini ya lenzi. Kushoto Mlinzi alikuwa amejaa kama siafu. Kulia walikuwa wachache, wametawanyika, na katika kipimo cha asidi hawakutoa kitu. Tangu siku hiyo akasugua pande zote. Alijifungia chooni kufanya hivyo, kama mtu anayeiba.

Alikwenda kwa Bwana Senzota, mkuu wa afya wa Baraza, akamweleza kila kitu. Senzota alimsikiliza huku akitafuna karanga. Alikuwa na meno yake yote. Mkewe hakuwa na hata moja.

"Mama Namkunda, tuseme ni kweli," alisema. "Wale uliokwisha kuwang'oa utawaambia nini?"

Senzota akachota karanga nyingine.

"Na hao wapya, sawa, utawafundisha kupiga mswaki. Mtu ambaye hata bibi yake hakuwahi kuushika. Wiki ya kwanza atasugua. Mwezi wa pili atachoka, atasema leo sikula kitu, nisafishe nini. Mmoja akizembea, mtoto anazikwa, na mama yake atakuja kukulilia wewe, si mimi. Koleo halihitaji mtu awe na bidii, dada yangu. Linafanya kazi mara moja, basi."

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba hayakuwa ya kijinga. Nakijwa alirudi nyumbani nayo, akalala nayo, akazoea. Kila mwanamke aliyekaa kwenye kiti chake aliongeza uzito wa lile swali la kwanza. Kusema kweli mwaka wa kwanza kungemwaibisha mbele ya wachache. Sasa kungemlazimu asimame mbele ya mlima mzima na vibogoyo wake.

Na huyu sasa alikuwa mwanawe. Alitazama kinywa chake akaona ukoga wa manjano kwenye shingo za meno, ukoga ambao ungeondoka kwa kijiti na uvumilivu. Akamfikiria Namkunda akisugua kila siku. Msichana huyo alikuwa hawezi hata kukumbuka kufunga mlango wa kuku. Akamfikiria Mbonea kwenye kaburi fupi.

"Hakuna," alisema. "Fungua."

* * *

Alianza na magego, kama kawaida. Gego haling'olewi kwa kuvutwa, hutikiswa kwanza kulia na kushoto mpaka mfupa ukubali. Ganzi huua maumivu, haiui sauti, na sauti hiyo mtu huisikia ndani ya kichwa chake mwenyewe. Namkunda alishika mikono ya kiti. Machozi yalimtiririka hadi masikioni.

"Vumilia, mama," Nakijwa alisema. "Ni kwa ajili ya mtoto."

Alisema hivyo kwa kila mtu. Maneno yalimtoka yenyewe, na alipoyasikia safari hii alitamani kuyarudisha.

Kila jino lilidondoka kwenye bakuli la bati na mlio wake. Wanawake wa nje waliusikia, wakapandisha wimbo ili kuufunika. Yakaisha magego, yakaisha chonge. Namkunda akainua mkono, akaashiria yale mawili ya mbele yaachwe mwisho. Nakijwa akafanya alivyotaka. Halafu hakukubaki kingine isipokuwa yale mawili na nafasi iliyokuwa kati yake.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mikono iliyong'oa mlima mzima bila kukosea sasa ilivuta kabla mfupa haujakubali, na jino la kwanza kati ya yale mawili likakatika shina. Ikabidi achimbe mzizi vipande vipande. Binti yake alimtazama usoni muda wote huo, hakufumba macho.

Yule mwanamke wa kibuyu aliingia, akayakusanya yote, akaziba kwa nta. Akakitikisa mbele ya Mbonea aliyekuwa ameamka. Mtoto akacheka, na mle kinywani mwake hamkuwa na kitu.

* * *

Sheria inasema mama aliyeng'olewa alale siku tatu Nyumba ya Fizi, mtoto akilishwa na mlezi kibogoyo, mpaka uvimbe upungue. Nakijwa alitumia cheo chake, akamchukua binti yake kwake. Hakuna aliyempinga. Meno ya mbwa hayaumani, walisema majirani, mwacheni amuuguze mwanawe.

Alasiri Mbonea akaanza kulia njaa. Namkunda alikuwa amejilaza kwenye mkeka ukutani, uso umevimba mpaka jicho moja limefumba, pamba imejaa mdomoni. Alijaribu kuinuka akashindwa. Nakijwa akapika uji mwepesi wa ulezi. Moshi na jasho vililowesha kitambaa chake, akakivua akakitundika kwenye msumari, akampakata mjukuu wake.

Alichota. Akapuliza. Akagusisha kijiko mdomoni, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi kuona kama kimepoa, akamlisha. Hivyo ndivyo alivyomlisha Namkunda, na ndivyo yeye mwenyewe alivyolishwa, na mkono una kumbukumbu zake. Mtoto akameza kwa uchu akafungua mdomo tena. Akachota, akapuliza, akaonja, akalisha. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza siku ile. Hakuna kitu ndani yake kilichomwonya, kwa sababu ndani yake alijua kinywa chake ni kisafi.

Mara ya tatu kijiko kikagonga.

Ilikuwa sauti ndogo sana, ya bati juu ya punje ya mchele. Nakijwa alibaki ameshika kijiko hewani. Alitaka kuamini kimegonga pete yake. Hakuwa amevaa pete.

Namkunda alitoa pamba mdomoni. Alitambaa mpaka walipokuwa, akamchukua mtoto, akaingiza kidole. Akakipitisha juu ya ufizi wa chini, akakisimamisha mahali pamoja, akapapasa tena.

"Umeonja," alisema. Maneno yalitoka yamelowa, lakini yalieleweka.

"Nimeonja."

"Kwa mdomo wenye meno."

"Mdomo wangu ni msafi, mwanangu. Nisikilize. Ni msafi kuliko wa mtu yeyote hapa mlimani."

Akauvuta mkoba, akatoa kijiti cha msuaki chini ya pamba. Akaeleza yote: upande wa kulia na upande wa kushoto, magego mawili yaliyotoboka, lenzi, kipimo cha asidi, ukoga ambao bila huo Mlinzi hana nguvu. Aliongea haraka, karibu kwa furaha, kwa jinsi alivyokuwa amelimeza jambo hilo muda mrefu. Akasahau anamwambia nani. Alipokumbuka, alikuwa tayari amemaliza.

Namkunda alikipokea kile kijiti, akakigeuza mkononi. Akakinusa. Akakipeleka kwenye midomo yake iliyovimba kana kwamba angekijaribu, kisha akakishusha.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Asubuhi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema hakuna."

Nje ya ua Kadeghe alikohoa. Alikuwa amekuja kusimama mbali na mtoto wake, kama baba mwema.

"Basi ni moja kati ya mawili," Namkunda alisema. Alitema damu kwenye kopo, akafuta kidevu kwa upindo wa gauni la sendofu. "Ama mdomo wako ni mchafu, na mwanangu umeshamwua. Ama ni msafi, na meno yangu umeyang'oa bure. Wewe ndiye tabibu. Niambie ni lipi, na utakalosema nitaliamini."

Nakijwa alimtazama Mbonea. Alikuwa na uji kidevuni, na alikuwa akinyoosha mkono kutaka kijiko. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo jibu halikumpa tabu.

"Ni msafi," alisema. "Nimekung'oa bure."

Namkunda akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyetajiwa njia. Hakulia. Nakijwa angefurahi kama angelia.

"Nimekuamini," alisema. "Lakini kama mtoto ni mzima haitajulikana mpaka mwakani, na nikikuripoti leo watampeleka kwenye kioo. Kwa hiyo sitakuripoti." Akaufungua mkoba, akaliweka koleo la magego juu ya kitambaa, na kando yake koleo la meno ya mbele. Aliyapanga kama alivyofundishwa utotoni. "Hutamgusa tena ukiwa na jino. Keti."

"Namkunda. Meno haya ndiyo ushahidi. Hakuna mwingine mlimani hapa mwenye kinywa cha kuonyesha. Nikiwa kibogoyo nitamwambia nani habari za mswaki akanisadiki? Kesho Nankondo anakuja."

"Ushahidi huo ulikuwa nao asubuhi."

"Nitasimama mbele ya Baraza. Nitafungua mdomo wote waone."

"Basi mlango ule pale. Nenda na meno yako ukamwokoe Nankondo. Mimi nitahamia kwa kina Kadeghe, na Mbonea hutamwona tena maadamu niko hai." Akavuta kigoda katikati ya chumba. "Au keti."

Nakijwa aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na jua la alasiri lilikuwa bado kali uani. Alimjua Nankondo, msichana wa watu, mpole, mwenye kucheka huku akiziba mdomo kwa kiganja. Kesho atakaa kwenye kiti, na ganzi yake haipo tena. Alijua kwamba mtu mwenye haki angetoka kwa mlango ule. Alijua pia kwamba Senzota angemsikiliza akitafuna karanga.

Mbonea akaanza kulia. Namkunda akampa kibuyu chake, mtoto akakitikisa, akanyamaza, akacheka, na ndani ya kicheko hicho pakaonekana ncha nyeupe.

Nakijwa akaketi kwenye kigoda.

"Ganzi," alisema.

"Yote umeimalizia kwangu."

Namkunda alisimama nyuma yake, akamwegemeza kichwa kwenye tumbo lake, akamshika kidevu kwa mkono wa kushoto. Mkono ulikuwa thabiti. Koleo likapita ulimini, likatafuta gego la mwisho upande wa kulia, lile zima kuliko yote, likalishika.

"Vumilia, mama," Namkunda alisema. "Ni kwa ajili ya mtoto."